Mwambie mwenyewe aje

Nilijiapiza sitaandika. Hasira zangu na mafundi huwa nazimalizia jikoni, juu ya mbuzi ya nazi, nazi ikiisha na hasira zimekwisha. Lakini hii ya fundi aliyenibadilishia funguo za mandolini, kile chombo kidogo cha nyuzi, imekaa nami tangu kabla ya Ramadhani, na kila nikiishika mandolini inarudi upya. Basi naandika.

Kwanza nimalize habari ya bidhaa, maana hiyo sina ugomvi nayo. Funguo za mandolini, zile za kichwani za kukazia nyuzi, huja nne nne kwenye bamba moja, bamba la kulia na bamba la kushoto. Mpwa wangu aliniletea kutoka Dubai, ziking'aa kama bangili za bibi harusi. Zinazunguka laini, vishikio haviumizi vidole. Ukitaka kununua, pima kwanza umbali wa kijiti hadi kijiti (kijiti ndicho kinachozungushiwa uzi), katikati kwa katikati. Zilizo nyingi siku hizi ni kama milimita 23, lakini mandolini za kale zina mambo yao, na bamba la chuma hulinyooshi likatii. Zangu zilikaa. Nyota tano. Tumetoka hapo.

Sasa fundi.

Mandolini hii ilikuwa ya babu yangu. Aliinunua hapa hapa Mombasa kabla ya uhuru, na ile karatasi ya ndani yenye jina la mtengenezaji ililiwa na mende zamani, kwa hivyo hatujui hata ilishuka na meli ya wapi. Wakati wake taarab ya hapa ilikuwa haioni haya kuwa na mandolini; leo kinanda cha umeme kimemeza kila kitu, udi, fidla, na pengine mpaka mwimbaji. Babu alinifundisha mimi kwa sababu kaka zangu walikuwa uwanjani na mpira. Naipiga mwaka wa thelathini huu. Sipigi jukwaani, napiga kwenye shughuli zetu za wanawake, kesha, kupamba, siku ya arubaini ya mtoto. Wanaonijua wananijua.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye uzi wa A. Mandolini ina nyuzi nane, mbili mbili, G, D, A, E kama fidla, na kila jozi sharti iwe sauti moja kabisa. Ikipishana kidogo tu unasikia mawifi wawili jikoni. Basi mimi huo uzi wa A nikiukaza, kimya. Nakaza tena, kimya. Halafu *ting!* unaruka, umepita pale ninapotaka. Narudisha nyuma, *ting!* umeshuka mno. Nikasema funguo zimekufa, zina zaidi ya nusu karne, zina haki ya kufa.

Nikampelekea fundi wa magitaa. Simtaji na duka silitaji, msinifuate kuniuliza. Ni mtu ana jina, vijana wa bendi za makanisa wote wanampelekea yeye, ukutani kwake magitaa yamening'inia kama samaki wa kukaushwa. Kijana bado, anaweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Akaniamkia vizuri, shikamoo mama, nikaitikia. Akazigeuza geuza funguo za zamani, akasema, "Mama, hizi hazina neno."

Mimi nikaona uvivu huo. "Fundi, mpya nimekuletea hizi hapa. Wewe weka mpya." Tena nikamwambia Alhamisi naitaka, Ijumaa kuna shughuli.

Hiyo sentensi yake iwekeni pembeni. Nitairudia, na sitapenda.

Alhamisi nikaenda. Mandolini imefutwa, inang'aa, funguo zimekaa sawa, hakuna skrubu iliyokwenda upande. Nikafurahi. Nikashika ufunguo wa G, nikakaza vile ninavyokaza tangu nina miaka kumi na kitu. Uzi ukalegea.

Nikadhani nimekosea. Nikashika mwingine. Ukalegea. Nikaenda upande wa pili, kwenye A, kwenye E. Zote nane. Ukikaza unalegeza, ukilegeza unakaza. Sijui niwaelezeje watu wasiopiga. Ni kama uingie nyumbani kwako usiku ukute mtu amehamisha swichi zote za taa, na mfereji ukiufunga ndio maji yanamwagika.

"Fundi, hizi zinakwenda kinyume."

"Zote huwa hivyo, mama."

"Haziwi hivyo."

Hapo akatabasamu. Lile tabasamu. Akaniambia kwa upole kabisa, kama mtu anayemwondolea mwenzake mzigo, "Usijisumbue, mama. Mwambie mwenyewe aje, nitamwelekeza."

Mwenyewe.

Yaani mimi niliyeileta, niliyesema uzi wa A unaruka, niliyezungusha funguo zote nane mbele ya macho yake, mimi ni tarishi. Mwenyewe yuko nyumbani amelala, ana ndevu, na mimi nimetumwa nichukue chombo chake kama nilivyotumwa dobi. Kulikuwa na kijana mwingine pale amekuja na gitaa lake, akainamia simu akacheka. Labda alicheka kitu cha kwenye simu. Nimejaribu sana kuamini hivyo.

Mtaniuliza, hukumpigia palepale? Ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilitamani nikae kwenye kile kigoda chake nimpigie kitu kimoja tu, dakika moja, aone mwenyewe ni nani. Ningeipigaje na haijapatana hata uzi mmoja, na kila nikitaka kuipatanisha mikono inakwenda kinyume? Ningekaa pale ningemthibitishia. Nikalipa elfu moja na mia tano. Na asante nikasema, wallahi nilisema asante.

Nyota moja. Nilipofika nyumbani nilikuwa nampa sifuri.

Ijumaa usiku kwenye kesha ndio basi. Kichwa kinajua funguo zimegeuka, lakini vidole havina habari. Katikati ya nyimbo E ikapanda kidogo, nikataka kuishusha, nikazungusha kama siku zote. Kumbe naipandisha. E ndio uzi mwembamba kuliko wote, haukunipa hata nafasi ya kujirudi. *Taa!* Ukanichapa kidole. Mama mmoja upande wa bibi harusi akasema, "Leo chombo kimesusa," watu wakacheka, wakaendelea na vigelegele. Nilikaa pale nikitabasamu kama nimemeza mwiba.

Na si hilo tu. Nikipanda juu shingoni, kila sauti ilikuwa imepinda. Hilo nalo ni yeye. Kidaraja cha mandolini, kile kinachobeba nyuzi tumboni, hakigundishwi. Kinakaa kwa kukandamizwa na nyuzi peke yake. Ukizitoa zote nane kwa pamoja, kinaondoka, na mahali pake hupajui tena isipokuwa uliweka alama ya penseli kabla. Fundi wa magitaa amezoea daraja lililogundishwa, yeye alikirudisha pale alipoona panapendeza. Ukitaka kujua kama kimekaa, bonyeza uzi kwenye freti ya 12, freti ni vile vyuma vilivyolala shingoni: lazima upate sauti ile ile ya uzi mtupu, ila oktava moja juu. Yangu ilikuwa inapata sauti ya jirani.

Nilikaa nayo nyumbani nyusiku mbili, na bisibisi, na taa ya mezani, na mwanangu ananiuliza kama leo hatuli. Na hapa ndipo nianze kuwa mkweli, ingawa sijapoa.

Nilizitoa zile bamba mpya nikaziweka mezani kando ya zile za babu. Kwenye kila ufunguo kuna gurudumu dogo la meno kwenye mkia wa kijiti, na ubavuni mwake kuna msumari wa hesi, kama skrubu, unaolizungusha. Za babu, gurudumu liko juu upande wa ncha ya kichwa, msumari uko chini upande wa shingo. Mpya ni kinyume chake, msumari juu, gurudumu chini. Ndio mtindo wa siku hizi. Gibson wa Marekani wenyewe waligeuza mpangilio wao miaka ya 1920. Na ina maana. Uzi unakivuta kijiti kwa mbele kuelekea shingoni, kwa hivyo mkia wake kwa nyuma unasukumika kuelekea nchani, na gurudumu linabanana na hesi. Ukiligeuza, badala ya kubanana linaikimbia.

Sasa fundi yeye alifanya nini? Alizitazama za zamani kabla hajazitoa. Akaona gurudumu juu, akataka na mpya gurudumu liwe juu. Na kwa funguo zile njia ya kupata hivyo ni moja tu, bamba la kulia ulipeleke kushoto na la kushoto ulipeleke kulia. Mashimo yanaingia, skrubu zinakaa, kila kitu kinapendeza, na funguo zote nane zinageuka.

Kwa hivyo hakuwa mzembe. Nimekaa na hilo usiku mzima na sikulipenda. Mzembe angezibandika vyovyote, na pengine angepatia. Yeye alinakili kazi ya babu yangu kwa uaminifu. Kazi yenyewe ilikuwa nadhifu mno: skrubu alizipaka sabuni zisije zikakatikia ndani ya mti mkavu, na matundu mawili yaliyokuwa yamelegea aliyajaza kijiti cha meno na gundi. Niliyaona nilipofungua. Hakuniambia wala hakunitoza. Nikampandisha nyota tatu papo hapo, usiku ule, peke yangu na bisibisi.

Nikazirudisha bamba kila moja upande wake. Nikakitafuta kidaraja robo saa, nakisogeza kwa ukucha. Nikaupatanisha uzi wa A, taratibu, kwenye funguo mpya zinazong'aa kutoka Dubai.

*Ting!*

Nilitaka kulia.

Ami yangu alikuwa sebuleni, amekuja kutazama mpira. Yeye ni mtu wa udi, vigingi vyake ni vya mti mtupu, havina jino hata moja, vikiteleza anavipaka chaki, vikigoma anavipaka sabuni, na amekwenda hivyo maisha yake yote. Hakugeuka hata kunitazama. "Huo si ufunguo, mwanangu," akasema. "Huo ni mfupa."

Mfupa ni kile kipande cheupe mwanzo wa shingo, chenye vijishimo nyuzi zinapopita. Kijishimo kikiwa chembamba, uzi unanasa. Unakaza upande wa kichwani, upande wa pili hausikii, hausikii, mpaka unafyatuka wote kwa mara moja. Ndio ile ting. Nilichukua penseli ya mwanangu ya shule, nikalegeza nyuzi mbili za A, nikasugua ncha ya penseli ndani ya vijishimo mpaka vikawa vyeusi. Nikakaza. Ukapanda kama mtu anapanda ngazi. Mpaka leo haujaruka.

Zile funguo za babu nilizilaza kwenye mafuta ya taa usiku mmoja, nikazipiga mswaki, nikatia tone la mafuta ya cherehani kila jino. Zinazunguka kuliko nilivyowahi kuzikuta.

*Mama, hizi hazina neno.*

Alijua. Alizigeuza mara mbili tu akajua, na mimi nikamkatiza kwa sababu nilikuwa na bamba jipya kwenye mkoba na shughuli Ijumaa. Angeniuliza tu uzi unaruka vipi! Ningemwacha tu amalize sentensi! Na tena nilimharakisha, siku mbili kwa kazi ya wiki. Nikihesabu haki kwa haki, hapa nampa nyota nne.

Lakini halafu nakumbuka, na damu inapanda. Kosa la bamba ningelisamehe siku ile ile, mtu yeyote hukosea, mimi mwenyewe nimekosea kubwa zaidi. Kosa lake hasa ni kwamba nilipomwambia zinakwenda kinyume, alimsikia mtu aliyetumwa. Mwanamume angesema maneno yale yale, fundi angeshika ufunguo mmoja akauzungusha. Sekunde tatu. Angeona. Hakuushika. Alinihurumia. Basi nyota mbili, na sitaki tena kuhesabu.

Gitaa, mpelekee, hamtapata mkono safi kama ule mjini. Mandolini, mpelekee pia, lakini mwambieni asitoe nyuzi zote kwa pamoja, aweke alama ya kidaraja, na simameni pale pale mpaka amalize. Ukiwa mwanamke, ipige kwanza kabla hujaitoa mkononi. Mimi sijarudi. Nimepita nje mara mbili na mandolini begani, mara zote mbili alikuwa na wateja, nikapitiliza.

Funguo za babu ziko kwenye kopo la Blue Band, zimefungwa kitambaa chenye mafuta. Kuna mtu ameshaniuliza kama naziuza. Siuzi.