Kiduka cha vitabu Ngamiani: kabati la viumbe safi, la vita angalia kabla hujalipa

Wadau wa Tanga mnaopenda kusoma, kuna kiduka cha vitabu kipo Ngamiani kwenye zile barabara za namba, hakina hata kibao, utaona tu meza ya vitabu imetolewa nje na mzee amekaa pembeni na kahawa yake. Anauza historia, vita na mambo ya viumbe basi, ukiulizia riwaya za mapenzi anakuelekeza kwengine.

Kabati la viumbe ndo limenimaliza kabisa. Nimechukua kitabu kipya cha silikanti, yule samaki wataalamu walijua ametoweka tangu enzi za madainosaria mpaka 1938 akaibuka Afrika Kusini, halafu miaka ya 2000 wavuvi wetu hapa wakawa wanamtoa kwenye majarife ya papa, wala hawana habari kama huyo ni samaki wa kuitisha dunia nzima. Kinaeleza vizuri sana, mchana anajibanza mapangoni huko kwenye kina, usiku ndo anatoka kutafuta riziki, na hatagi, anazaa watoto hai. Hapo sasa unaelewa kwanini 2009 ikatengwa hifadhi ya silikanti hapa Tanga, samaki wa namna hiyo akinaswa mjamzito hasara yake si ya kilo. Na wavuvi wenyewe wamehojiwa humo, wanaongea kwa maneno yao, safi.

Cha mimea ya Usambara kizuri kwa picha ila kimeniudhi kidogo. Kile kiua cha zambarau wazungu wanachopanda kwenye vyungu madirishani asili yake misitu yetu hii, na jina la kitaalamu kilipewa la Saint Paul, Mjerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya hapa Tanga, ndo alokipeleka kwao miaka ya 1890. Sawa, lakini sidhani kama ile milima aliipanda peke yake jamani, mbona watu wa kule hawatajwi hata mstari mmoja??

Na kwenye vita ni hivyohivyo mara kumi. Karibu kila kitabu ni Novemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza wanashusha askari kama elfu 8 wengi wao wa kutoka India pale Ras Kasone, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ana kama elfu moja tu, nyuki wanatibuka wanauma kila mtu, Waingereza wanarudi melini wameacha bunduki na marisasi kibao. Tamu kusoma, sikatai, ila ukishasoma kimoja umesoma vyote. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita ile mpaka 1918, makumi ya maelfu wakafa kwa njaa na maradhi, wanapewa kurasa mbili mwishoni. Usilipe hela nyingi kwa vitabu hivi, fungua kwanza uone kama watu wetu wamo au ni majenerali tu.

Kama unataka vita vilivyoandikwa na mtu wa huku aloishi zama hizo, muulize utenzi wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy, ule wa Wadachi (yaani Wajerumani) kuitamalaki Mrima, pwani yetu hii, enzi za Abushiri aliyeongoza kuwapinga, kabla hajanyongwa Pangani 1889. Tatizo anao wa fotokopi na mkataji kala vina vya mwisho kwenye kurasa kadhaa, na bei bado kaikazia kama kitabu kamili, hapo mzee katukosea.

Huduma lakini siwezi kumlalamikia, anakwambia kaa mwanangu usome kwanza, hakukimbizi, na akiwa anakujua anakukopesha. Vipya vingi ni vya Kiingereza na bei imesimama, cha silikanti kimenitoa elfu 40. Nendeni baada ya alasiri, asubuhi mara nyingi kafunga, na mbebe chenji maana ya kwake haipo kamwe.