Jiko la kuni la chuma kwa baridi ya Nyanda za Juu: lipi lianze, lipi liwe la mwisho

Baridi ya Juni na Julai ikitua Njombe, Makete na Mufindi, watu huanza kuulizia jiko la kuni la sebuleni, lenye mlango na bomba la kutoa moshi nje. Muuzaji atakusifia uzito: "Hili chuma tupu, bosi, wajukuu watalikuta." Uzito hutunza joto, hilo ni kweli. Ila mimi huuliza kwanza: likipasuka, fundi gani wa Mafinga au Uyole atalirudisha?

Kwa sababu hiyo, namba moja naliweka jiko la mchanganyiko. Kiwiliwili chake ni pleti ya chuma ya milimita 4 hadi 6 iliyochomelewa, ndani limejengewa matofali ya kuhimili moto, na wavu unaobeba kuni pamoja na sahani ya juu ni chuma cha kusubu, yaani kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Chuma hicho hakipindi ovyo kwa joto, basi kikae pale moto unapouma. Pleti ikiachia mshono, fundi anayetengeneza mageti anaichomelea bila shida. Agiza wavu wa kuchomoka, maana wavu huisha kabla ya jiko.

Namba mbili ni jiko la chuma cha kusubu kitupu, la mtumba. Likiwa zima, linaweza kudumu kuliko nyumba. Tatizo ni "likiwa zima". Chuma hiki kina kaboni nyingi, takriban asilimia 2 hadi 4, ndiyo maana ni kigumu lakini hupasuka badala ya kupinda. Kukichomelea kunataka fimbo za nikeli, kukipasha moto kwanza, kisha kukipoza taratibu. Fundi anayesema fimbo yoyote inatosha, mshukuru uondoke.

Ukiambiwa jiko limetoka nyumba ya misheni au shamba la chai, usilipie hadithi. Ligonge kila upande kwa nyundo ndogo, kama unavyogonga chungu sokoni: zima hulia, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Washa tochi ndani, zima taa za chumba, utazame mwanga unapenya wapi. Bana karatasi mlangoni. Ikichomoka bila kushikwa, kamba ya kuziba mlango imeisha, nayo hubadilishwa. Rangi mbichi nyeusi kwenye jiko kuukuu inanitia wasiwasi kuliko kutu. Kutu unaiona.

Jipya la kuagizwa nje ni zuri, lakini nunua pamoja na wavu, kioo na kamba za akiba, la sivyo kioo kikivunjika utakaa na jiko la mapambo.

La mwisho ni la bati jembamba. Hushika moto upesi, hupoa upesi, hupinda, hutoboka. Kwa mpangaji anayehama mwakani, sawa.

Sasa matunzo. Huku mvua hunyesha kati ya Novemba na Aprili au Mei, wakati jiko limelala. Kutu hulila wakati huo, hasa majivu yakiachwa ndani, kwani hunyonya unyevu. Kabla ya Novemba toa majivu yote, sugua kutu kwa brashi ya waya, paka sahani ya juu mafuta ya kula kidogo sana, na funika kichwa cha bomba. Mwili upake rangi ya kuhimili joto.

Jiko jipya lianze kwa moto mdogo mara kadhaa, na usimwagie maji likiwa la moto hata siku moja. Majivu yasijae chini ya wavu: hewa hukosa njia na wavu huungua.

Kuni za miwati au mikaratusi zilizokauka ndizo kuni. Zipasue kiangazi, zikae chini ya paa masika yote. Msindano mbichi una utomvu mwingi. Ukifuka na maji yake, bomba hujaa masizi yanayonata kama lami, nayo huweza kushika moto. Lisugue bomba kabla ya msimu na katikati yake. Bomba lenyewe lisiwe la mabati ya zinki karibu na jiko, kwa sababu zinki hutoa moshi wenye sumu kwenye joto kali. Pleti nyeusi ya kawaida inatosha.