Kidude cha kusoma kompyuta ya gari kilivyouumbua mshale wangu wa joto

AC ya gari langu ilikuwa na tabia moja: barabarani inapuliza baridi mpaka naipunguza, nikikaa kwenye foleni dakika kumi hivi inaleta upepo wa vuguvugu. Foleni ikifunguka, baridi inarudi yenyewe. Fundi wa kwanza akasema gesi imepungua, akajaza. Wiki mbili baadaye akajaza tena, bila kupima. Hali ikazidi kuwa mbaya, na sasa najua kwa nini: gesi ikizidi kipimo presha inapanda, kondensa, kile kipoza gesi cha AC kilicho mbele ya gari, inachemka, na joto lote hilo linaishia kwenye rejeta ya kupoza maji ya injini iliyo nyuma yake.

Injini sikuiwazia kabisa. Mshale wa joto ulikuwa umetulia katikati siku zote.

Ndipo nikanunua hiki kidude cha kuchomeka chini ya usukani, kinachorusha taarifa za kompyuta ya gari kwenye simu kwa Bluetooth. Kukiunganisha mara ya kwanza kulinitoa jasho. Simu ilikiona ikakipoteza mara tatu. Lakini jioni ile kwenye foleni, AC ikiwa imewashwa, nikatazama namba za joto la maji ya injini, kwa nyuzi za Selsiasi: 91, 95, 99. Mshale katikati. 104. Bado katikati. Ilipofika 108 nikasikia "tak" chini ya boneti, klachi ya kompresa, ile pampu ya gesi ya AC, imeachia, upepo ukaanza kupoteza baridi. Kumbe AC yangu nzima! Kompyuta ndiyo iliyokuwa ikiizima ili kuinusuru injini. Mshale wa magari mengi umetengenezwa usitikisike joto linapopanda kidogo, eti dereva asipate presha. Mimi presha hiyo ningeipokea kwa mikono miwili.

Nikazima AC, nikafungua hita mpaka mwisho na madirisha yote. Mateso, lakini namba zilishuka, maana hita nayo ni rejeta ndogo.

Nyumbani niliwasha AC gari likiwa limesimama, nikachungulia mbele. Feni ya kupoza rejeta na kondensa imelala. Fyuzi nzima, rilei, ile swichi ya umeme ya feni, nikaibadilisha na nyingine inayofanana nayo, wapi. Nikaigonga mota kwa mpini wa bisibisi ndefu, mkono ukiwa mbali, ikaanza kuzunguka kivivu. Brashi zake za kaboni zilikuwa zimelika. Gari likikimbia upepo unapita wenyewe, kwa hiyo ubovu huo ulikuwa ukijificha mpaka nisimame.

Mota nilibadilisha nzima. Fundi wa pili, huyu nampa heshima yake, alitenganisha kondensa na rejeta, akakuta katikati blanketi la vumbi, manyoya na wadudu. Akaosha kwa maji ya presha ndogo kutokea upande wa injini, mapezi yasilale. Gesi aliitoa yote, akarudisha kwa mizani, gramu zile zile zilizoandikwa kwenye lebo ya boneti.

Sasa kwenye foleni feni inaingia kwenye 97, inakata kwenye 92, na AC haitetereki.

Kidude nakipa nyota nne. Ubovu wenyewe hakikuutaja, maana hakuna msimbo wa hitilafu hata mmoja uliojiandika, na presha ya gesi hakisomi kwenye gari langu. Halafu kinanyonya betri: nilikiacha kimechomekwa siku tano gari likiwa limepaki, asubuhi ya sita stata ikanijibu tik-tik-tik. Siku hizi nikizima gari nakichomoa, nakitia kwenye droo ya dashibodi.