Kofia kubwa ya silikoni kwa wenye rasta: naipa nyota nne

Jamani wamama wenye mabinti wanaoogelea, kofia nimeipata. Binti yangu ni kipa wa wota polo (ule mpira wa kurushiana na kufungana magoli majini) shuleni kwao hapa Houston na ugomvi wetu kila msimu ulikuwa nywele, zile kofia za kawaida rasta haziingii, ukilazimisha inachomoka au inachanika kabisa, mpaka mtoto akaanza kusema bora aache.

Hii ni ya silikoni, ina nafasi kubwa nyuma ya kuwekea nywele. Anaivaa chini, halafu juu yake anafunga ile ya mchezo, nyekundu ya kipa namba 1 yenye vikinga masikio vya plastiki (vile si urembo, mpira ukikupiga sikioni unaweza kupasua ngoma ya sikio). Na kipa hatulii yule, goli lina upana wa mita 3, chini hakanyagi, muda wote miguu inazunguka kama anakoroga mayai ili kifua kitoke juu ya maji adake. Mechi nzima kofia haijawahi kumchomoka.

Aliyemfanya asiache lakini ni Ashleigh Johnson. Dada wa Florida, wazazi Wajamaika, mwanamke mweusi wa kwanza kwenye timu ya Olimpiki ya wota polo ya Marekani, na kipa vilevile! Mchezo wenyewe huku Marekani ni wa watu wa California kule magharibi, yeye kasoma chuo cha Princeton upande wa mashariki, kaenda Rio 2016 akiwa bado mwanafunzi wakaifunga Italia 12-5 fainali, Tokyo wakaifunga Hispania 14-5, dhahabu mbili. Paris 2024 ndo iliniuma, shaba imewaponyoka kwa goli moja tu, 11-10 na Uholanzi, binti yangu alilia na mimi nikalia. Halafu kumbukeni kofia kubwa za namna hii shirikisho la kuogelea la dunia lilizikataa kabla ya Olimpiki ya Tokyo, hadi 2022 ndo zikaruhusiwa. Watoto wetu wangeambiwa nini, wanyoe?

Nyota moja nimekata kwa sababu duka nililoagizia mtandaoni walileta saizi ndogo kwanza nikasubiri wiki mbili kubadilishiwa, msimu umeshaanza. Chukueni saizi kubwa moja kwa moja. Msimpake mtoto mafuta ya nazi kabla, inateleza, sisi tunalowesha nywele maji ya bomba tu ndo anavaa. Ikikauka inyunyizieni poda ndani la sivyo inanata na kuvuta nywele, atapiga kelele.

Jumamosi kadaka penalti mbili. Katoka majini namfungua kamba za kidevuni huku mikono inanitetemeka kwa furaha, nikavua kofia, rasta za juu zimelowa kidogo tu, za kisogoni ndo zilikuwa zinachuruzika.