Kutoka stesheni ya Mwanza mpaka Jiwe la Bismarck: nimepanda bajaji, nimepanda boda, nimetembea

Nimeishi Nyakato miaka kumi na sita, na mpaka mwezi uliopita sikuwa nimewahi kutoka stesheni ya treni kwenda kwenye Jiwe la Bismarck kwa makusudi. Kulipita nimelipita mara nyingi. Ukienda kupanda kivuko cha Kamanga unaliona hapo majini, limekaa juu ya mawe mengine kama mtoto aliyebebwa mabegani. Lakini kwa sisi wenyeji lile jiwe ni anwani tu: "Nipo hapa Bismarck, niletee ule mzigo." Ukishapokea mzigo unaondoka. Anayelitazama ni mgeni, na mgeni wangu safari hii alikuwa mdogo wangu wa mwisho, anayesoma Cairo, miaka minne hajakanyaga nyumbani.

Alishukia Dar, akapanda treni ya reli ya kati mpaka Tabora kumsalimia bibi. Nikamfuata hukohuko, tukarudi Mwanza pamoja. Ya ndani ya treni siyaandiki hapa, yatakula nafasi yote. Niseme tu kwamba mwenye haraka apande basi, na asiye na haraka akae dirishani ahesabu vituo: Isaka, Shinyanga, Malampaka, Bukwimba, Mantare, Fela. Pale Fela, wilayani Misungwi, ndipo lilipowekwa jiwe la msingi la SGR, ile reli mpya ya kisasa, ya Mwanza hadi Isaka mwaka 2021, kilomita 341. Ukifika hapo ujue mji umekaribia. Abiria wenzetu walikuwa wameshasimama mlangoni na kuku wao.

Tukashuka asubuhi. Hata getini hatujafika, vijana wameshatuzunguka. "Dada, Igoma? Buzuruga? Nyegezi?" "Dada nipe begi hilo, utavunjika mkono." Mdogo wangu akanishika bega: "Dada, tusianzie nyumbani. Nipeleke kwanza Bismarck."

"Na haya mabegi?"

"Si yana magurudumu."

Gurudumu moja lilikuwa limeshakufa kwenye kokoto za reli, ila yeye hajaliona bado. Akatoa simu afungue ramani, akabonyeza alama ya usafiri wa umma, simu ikamletea weupe mtupu. Hakuna basi, hakuna mstari, hakuna dakika. Alipobonyeza alama ya mtu anayetembea, ikamchorea njia inayopenya kwenye ukuta tuliokuwa tumeuegemea. Akacheka mpaka akakaa juu ya begi.

Ndipo akaanza habari za Cairo, kwao kwa pili. Kule, anasema, ukishuka treni kubwa pale Ramses huna haja ya kumuuliza mtu. Unashuka ngazi, unaingia stesheni ya metro inayoitwa Al-Shohadaa, unakata tiketi, unafuata mshale. Ukitaka Makumbusho ya Misri pale uwanja wa Tahrir, unachukua laini ya pili, unapita Attaba, unapita Mohamed Naguib, unashuka Sadat. Ukitaka piramidi hushuki, unaendelea kukaa mpaka Giza, na kati ya Sadat na Opera treni inapita chini ya Mto Nile, watu wanachezea simu zao kama vile juu yao hakuna kitu. Behewa za katikati ni za wanawake. Metro ile ilianza 1987, ya kwanza Afrika nzima. Nikamuuliza, je, ukitoka Giza piramidi ziko hapo mlangoni? Akakuna kichwa. Hapana, unapanda tena basi dogo, na hapo unabishana bei kama kawaida.

Kumbe kila mji una mahali pake pa kubishana bei.

Basi tukabishana. Dereva wa bajaji alianza na elfu kumi. Nikamwambia mimi ni wa hapahapa, akashuka elfu saba. Nikamwamkia kwa Kisukuma, akashuka elfu tano, akasema ni kwa heshima yangu. Tukapanda, mabegi mapajani.

Sasa hapa niseme ukweli unaoniumiza. Yule kijana alitoka stesheni akaelekea mjini, akasimama kuweka mafuta, akaingia Makoroboi kumkabidhi fundi mmoja kipande cha chuma kilichofungwa kwenye gazeti, wakaongea, wakacheka, akarudi, akazunguka kipilefti cha Samaki, ndipo akatuteremsha karibu na Kamanga. Dakika ishirini na tano. Na mimi, mwenyeji wa miaka kumi na sita, nilikaa kimya nyuma nikimweleza mdogo wangu kwamba dereva anakwepa foleni.

Pale ufukweni palikuwa na mzee mmoja mpiga picha, kamera shingoni, fulana yenye mifuko mingi. Akayaangalia mabegi yetu.

"Mmetoka na treni?"

"Ndiyo, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona mmekuja na bajaji? Stesheni si hapo tu nyuma ya hiyo mitaa?" Akaonyesha kwa kidevu. Hata mkono hakuona haja ya kuuinua.

Kwa hiyo bajaji naipa nyota mbili, moja ya kiti na nyingine ya kuongea vizuri. Simlaumu sana kijana, mtu hula mezani kwake. Ila tungekubaliana njia na si bei peke yake, nisingekuwa na cha kuandika.

Boda nilijaribu siku ya tatu, peke yangu, nilipokwenda stesheni kuulizia mzigo wa mchele wa bibi. Elfu moja, dakika nne, kofia ya abiria ipo ila mkanda wake umekatika. Kama una mkoba tu na jua linawaka, boda inatosha, hakuna zaidi la kueleza. Daladala usihangaike nayo. Zile za Nyegezi na Buhongwa zinafuata Barabara ya Kenyatta, hazikati kuingia ufukweni, na konda atakwambia "panda tu, tutakushusha karibu" kwa sauti ya mtu asiyejua unakokwenda.

Jumapili ndipo tulipotembea. Tulirudi stesheni makusudi, saa kumi na moja jioni, mikono mitupu, tuanze pale tulipotakiwa kuanza siku ile. Nje kidogo ya stesheni kuna mama anauza matobolwa. Kwa asiyejua, matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa juani. Vikianikwa bila kuchemshwa ni michembe, kitu kingine kabisa, na Msukuma hapendi uvichanganye. Yalikuwa kwenye sinia, yamekunjamana, rangi ya asali iliyokaa muda mrefu, karanga pembeni. Unalitafuna tobolwa moja na linakushinda meno kwanza, halafu linakubali polepole, utamu unakuja mwishoni.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila. Huyu kijana wa wapi, mbona anakula kama wamemfungulia jela?"

"Mdogo wangu huyu, anasoma Misri."

"Misri ile ya Farao?"

"Hiyohiyo."

"Kumbe bado ipo." Akaongeza karanga kwenye kifungashio bila kudai hela.

Njia yenyewe haina ufundi. Toka stesheni, fuata Barabara ya Stesheni, mlima wa Capri Point uwe alama yako, ule wenye majumba yaliyokaa katikati ya mawe makubwa hadi unajiuliza ujenzi ulianzia wapi. Halafu shika hili ambalo ramani haina: usiulize Bismarck, uliza Kamanga. Ukimuuliza mtu Bismarck atakuuliza unakwenda kumwona nani. Ukiuliza kivuko cha Kamanga, hata mtoto mwenye ndoo kichwani anakuelekeza, na ukishakisikia kivuko kinapiga honi, jiwe nalo halipo mbali.

Tulitembea polepole, tukipishana na korongo. Wale ndege wa Mwanza wenye upara wana tabia ya mtendaji wa kata: wanatembea mikono nyuma, wanakagua takataka, hawakupishi. Mmoja alimsimamia mdogo wangu katikati ya njia mpaka akashuka pembeni. Njiani tulisimama mara mbili, mara moja kwa ajili ya kokoto kiatuni, na hata hivyo tulitumia dakika ishirini na tano. Dakika zilezile za bajaji! Nilizihesabu kwa saa ya mkononi, nikamwonyesha mdogo wangu, akasema angalau safari hii tumefika na elfu tano zetu.

Tulifika jua likiwa limeshuka vya kutosha. Jiwe asubuhi ni la kijivu, halina neno. Saa kumi na mbili na nusu lile la juu linageuka rangi ya mkate uliotoka tanuri, huku la chini yake likiwa limeshaingia kivulini, ukatarajia kwamba lililo juu litateleza wakati wowote. Halitelezi. Yule mzee mpiga picha alikuwepo, akatukumbuka. Akatuambia wazee wake walisimulia kwamba Wajerumani waliweka sanamu ya Bismarck mwenyewe pale juu, yule kansela wao wa kwanza, na kwamba baadaye ilitupwa ziwani. Mdogo wangu akasema basi na treni ni hao hao walioleta. Hapo nikapata pa kujikomboa baada ya aibu ya bajaji. Wajerumani waliondolewa Mwanza 1916. Reli yao ilikwenda Kigoma, na tawi la kutoka Tabora kuja huku lilijengwa na Waingereza, likafika Mwanza 1928. Kwa hiyo unatoka kwenye stesheni ya Mwingereza unakwenda kwenye jiwe la Mjerumani, na wote wawili hawapo, mama wa matobolwa yupo.

Akavua viatu aingize miguu majini. Nikamvuta kwa kola ya shati. Ziwa hili lina kichocho, na maji ya kingoni yaliyotulia kwenye majani ndiyo mabaya zaidi. Konokono wanaobeba vijidudu vyake wanapenda palepale panapomvutia mgeni. Mwenzangu unayetoka mbali, tazama na piga picha. Hayo mawe ya kingoni nayo yana utelezi wa kijani, nimeona mtu akianguka na simu yake.

Tukakaa juu ya jiwe kavu tukitafuna. Kivuko kikaondoka kuelekea ng'ambo ya Sengerema, mawimbi yake yakaja kugonga chini ya Bismarck, yakarudi. Mdogo wangu aliyatazama kwa muda mrefu, kisha akasema maji haya yanatoka ziwani pale Jinja, yanashuka Uganda, yanapita Sudan Kusini na Sudan, mwisho yanafika Cairo, na yeye kila Ijumaa anapita chini yake kwenye ile treni akienda Dokki kwa rafiki yake. "Siku nikipita tena nitainua kichwa," akasema. Nikamwambia atainua aone dari ya zege. Akacheka, lakini niliona amelichukua moyoni.

Kurudi ndiko kwenye dosari, na dosari hii naiweka wazi ili usije ukanilaumu. Giza Mwanza halibishi hodi. Saa moja kasoro jua limezama, saa moja na nusu huoni mtaro. Kuna sehemu za njia ile taa ni chache, na mtaro mmoja haukuwa na mfuniko. Sisi tulirudi kwa miguu kwa tochi ya simu, ila ukiwa peke yako au una mtoto, panda boda kurudi, na kubaliana naye njia kabla hujainua mguu. Mvua za masika nazo ni jambo jingine. Machi mpaka Mei ardhi inakuwa tope, magurudumu ya begi hayana maana, na hapo hata mimi nitamlipa bajaji. Mabegi makubwa yatangulie nyumbani kwanza, ukipata wa kukuchukulia.

Miguu naipa nyota nne. Ya tano nitaitoa siku watakapoweka kibao pale getini, kimoja tu, chenye mshale.

Tulipofika stesheni yule mama alikuwa anafunga. Yalibaki matobolwa kama kilo mbili kwenye kiroba. Mdogo wangu akaulizia bei ya yote.

"Yote? Utayala wewe peke yako?"

"Nasafiri nayo, mama. Ijumaa ijayo naondoka."

Mama akakung'uta kiroba, akakifunga kwa kamba ya katani mafundo mawili, akamwekea juu na fungu la karanga.

"Hizo za Farao," akasema. "Zako umeshakula."