Dizeli yenye tabo: kuinguruma mahali au kuondoka taratibu?

Asubuhi, kuiacha injini ingurume dakika 10 kunaonekana kuwa uungwana, lakini injini ya dizeli isiyo na mzigo huchoma mafuta kidogo mno, hivyo hupata joto kwa kusuasua. Kuta za silinda zikiwa baridi, dizeli isiyoungua huteremka hadi kwenye oili na kuifanya nyepesi, huku masizi yakijaa kwenye ekzosi. Kuondoka taratibu ni bora. Washa, subiri sekunde 30 hadi 60 oili ifike kwenye beringi za tabo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi kwenye injini), kisha endesha chini ya mizunguko 2,000 hivi kwa dakika. Geji ya joto la maji isikudanganye: oili huchelewa kupata moto, kwa hiyo geji ikishafika kawaida, ongeza dakika 5 hadi 10 kabla ya kukanyaga sana. Kwenye baridi kali, subiri zaidi kidogo.

Wakati wa kuzima, hesabu hubadilika. Shafti ya tabo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Ukizima ghafla baada ya mlima au kuvuta trela, oili husimama, joto la upande wa ekzosi huhamia kwenye beringi, na oili iliyobaki huungua ikawa makaa magumu yanayoziba njia yake. Hapo ngurumisha dakika 2 hadi 3. Ila kama kilomita za mwisho ulienda polepole kwenye tambarare, tabo imeshapoa njiani. Sekunde 30 zatosha.