Nilibadilisha prosesa Kariakoo: mashine sasa inakimbia, lakini lile duka!

Duka lenyewe liko Kariakoo, ghorofani, upande wa Mtaa wa Uhuru. Silitaji jina, lakini hasira ninayo mpaka leo.

Steshenari yangu ya Tandika inategemea kompyuta ya Dell OptiPlex 790 yenye prosesa, ule ubongo wa mashine, ya i3. Msimu wa kuomba mkopo wa bodi, wanafunzi wanajaa mpaka barazani huku kompyuta inajivuta. Mashine mpya sina uwezo nayo, nikaamua kubadilisha prosesa tu. Nikamwambia yule kaka waziwazi: mashine ni 790, chipseti yake, ile chipu ya mazabodi (bodi kuu), ni Q65. Hata macho hakuinua. "Dada yangu, soketi 1155, prosesa 1155, wasiwasi wa nini?" Akanipa i5-3470, prosesa ya kizazi cha tatu.

Wasiwasi ni kwamba prosesa za Intel za kizazi cha pili na cha tatu zote zinakaa kwenye soketi, yaani kikao cha prosesa, ya 1155, ila Intel hawakuiwezesha Q65 kutumia kizazi cha tatu. Prosesa inaingia vizuri, inatulia kama iko kwao. Nikawasha: feni ikanguruma, taa ikabaki ya chungwa, kioo cheusi. Nikarudisha i3, mashine ikawaka palepale.

Kurudi dukani, "dada yangu" imeisha, nimekuwa "wewe mama". Mali ikishatoka hairudi, anasema, halafu eti nimepinda miguu ya prosesa. Miguu! Prosesa ya 1155 haina mguu hata mmoja. Chini yake ni vinukta bapa vya rangi ya dhahabu. Miguu iko kwenye soketi ya mazabodi, na mazabodi niliiacha Tandika. Nikaigeuza mbele ya wateja nikamwambia anionyeshe mguu uliopinda. Akainamia simu yake. Ama hajui anachouza, ama anajua na aliniona mimi ni wa kudanganywa. Sijui lipi baya zaidi.

Aliyeniokoa ni kijana fundi wa pale ndani. Alisikia "790" tu akasema, "Bosi, huyo mama mpe 2400." Akanionyesha namba: inaanza na 2, ni kizazi cha pili. Akaitoa kwenye kipande cha sponji, akaifuta kwa shati, akaniongezea na pesti ya kupitisha joto la prosesa.

Kijana yule namsifu kwa moyo wote. Sasa nachapa faili kubwa huku nimefungua Word na madirisha ya intaneti, hakuna kuganda. Nilitaka kabisa kuandika nendeni, ila muulizieni fundi.

Lakini chenji yangu? 2400 bei yake iko chini ya 3470, na mwenye duka akaikata tofauti yote, eti ya usumbufu. Usumbufu wa nani? Mimi ndiye niliyefunga ofisi na kusimama kwenye daladala lililoshona, kwenda na kurudi, kwa kosa lake!

Hapana, msiende. Kijana akifungua la kwake, nitawaelekeza.